Dharura Namba Sita

Nitaanza na kabati, maana ndilo lililotugombanisha. Lilisimama chini ya ngazi, hapo hapo mtu anapoingia kwenye jengo letu. Lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya kijivu na shangazi yangu kwa mkono wake, na mlango wake ulizuiwa na kijiti kinachozungushwa kwa kidole kimoja. Ndani mlikuwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto, ndoo mbili za mchanga, blanketi zito la sufi, tochi mbili, kamba, shoka dogo, kisanduku cha huduma ya kwanza, na kopo la majani ya chai lililoandikwa "Misumari" ambalo halikuwa na msumari hata mmoja. Juu ya mlango shangazi alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: KABATI LA DHARURA HALIFUNGWI.

Jengo lina sakafu nne, nyumba mbili kila sakafu, na paa la kuanikia nguo. Ngazi ni moja tu. Ngazi moja kwa watu thelathini na kitu, na katika watu wote hao ni mmoja aliyewahi kukaa chini akalifikiria jambo hilo.

Huyo ni shangazi, na watu walimwita Bi Ikitokea. Jina alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Ukiegesha baiskeli kwenye ngazi, anakuuliza, "Na ikitokea?" Ukiacha mshumaa karibu na pazia, "Na ikitokea?" Dereva wa namba mbili, ambaye gari lake lilikuwa linaziba nusu ya mlango wa jengo, alimjibu siku moja, "Ikitokea tutaiambia isubiri kidogo, Bi mkubwa, nitoe gari." Watu walicheka wiki nzima. Na mimi nilicheka, sitasema uongo. Nilikuwa naishi naye, nakula kwake, na nilicheka.

Ni dada yake baba yangu. Alikuwa na miaka sabini na moja, na thelathini na moja kati ya hiyo aliitumia kwenye stoo ya hospitali, akitunza bandeji, dripu, shuka, balbu na betri. Aliondoka stoo lakini stoo haikuondoka kwake. Nyumbani kila kopo lilikuwa na karatasi ya tarehe, na ole wako uchukue mchele wa mbele ukaacha wa nyuma. "Cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka," anasema, hata kwa vitunguu. Ndoa yangu ilipovunjika nikamwendea na sanduku moja, alinikumbatia, akanipangusa machozi, kisha akaniuliza kama ndani ya sanduku kuna tochi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya ukaguzi. Tunamwaga maji ya madumu ya akiba kwenye maua na kuyajaza upya. Tunabadilisha betri, hata kama zile za zamani bado zinawaka. Anapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, tunakodoa macho wote wawili kuona kama kuna kiputo. Halafu inakuja sehemu niliyoichukia. "Fumba macho," ananiambia. "Kuna moshi. Nenda kwenye swichi kubwa, uzime, kisha nenda mlangoni." Mimi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, karani wa shule ninayeogopwa na wazazi wanaochelewa kuleta fomu, natambaa kwenye sakafu ya sebule nimefumba macho kama mtoto anayecheza kibe, na yeye anahesabu sekunde kwa sauti. Siku moja nilimwambia, "Shangazi, mimi sina umri wa michezo hii." Akanijibu, "Moshi hauulizi umri. Rudia, umegonga meza."

Sababu yake aliniambia mara moja tu. Zamani, akiwa msaidizi wa stoo, mtoto aliletwa wodini akihangaika kupumua. Mtungi wa hewa ulikuwepo. Spana ya kuufungulia ilikuwa stooni, na stoo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtunza stoo aliyekuwa msibani mtaa wa pili. Shangazi alikimbia kwenda na kurudi. Aliporudi daktari alikuwa ameshavua glavu. Tangu siku hiyo, alipokuwa mkubwa wa stoo ile, kabati la vitu vya haraka halikufungwa tena, liibwe lisiibwe.

Sisi ni watu wa methali. Tahadhari kabla ya hatari, tunasema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaziandika kwenye vitenge, tunawafundisha watoto, walimu wa shuleni kwangu wanazitungia mitihani. Kisha akitokea mtu mmoja anayeziba ufa kwelikweli, tunamwita jina la utani.

Mwenyekiti wa kamati ya jengo anauza vigae vya sakafu. Ni mtu msafi, anayenukia, na hana ubaya wa kupiga mtu wala kutukana mtu. Ubaya wake ni kwamba anapenda mambo yapendeze. Alipopata uenyekiti alitutilia vigae vyeupe pale chini mlangoni, tukampongeza, na vilistahili pongezi. Pembeni aliweka chungu kikubwa cha maua cha saruji. Kutoka siku hiyo kabati la shangazi likawa linamkera jichoni. Akija mgeni wake, anapita katikati ya mgeni na kabati, kama mtu anayeficha shati lililotatuka.

"Bi mkubwa," alimwambia siku moja nikiwepo, "ile takataka yako tuihamishie kwako juu."

"Moto ukianza kwangu juu, wewe wa chini utaupata wapi mtungi?"

"Kwani lazima uanze kwako?"

"Ndiyo maana umewekwa mahali pa wote."

Mwenyekiti alicheka kwa adabu akaondoka. Wiki mbili baadaye tukaona kwenye ubao wa matangazo: kikao cha wakazi, Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, juu ya paa. Ajenda ya sita: Kuondolewa kwa kabati chini ya ngazi.

Lakini mtu hodari wa kujenga hoja hakosi hoja, na hoja ya Mwenyekiti ilikuwa lile kopo la "Misumari". Ndani yake mlikuwa na ufunguo mmoja, na kila mtu alijua ni wa nyumba gani.

Namba sita wanakaa Fundi Saa na binti yake. Fundi Saa ana miaka themanini, alitengeneza saa za mkono maisha yake yote, na sasa miguu imemgomea, anatembelea mkongojo wa miguu minne. Binti yake tunamwita Mama Keki kwa sababu ya kazi yake, na mtu akitaka kujua mtoto anavyomtunza mzazi, aende amwangalie yule. Ila alikuwa na kosa moja. Baba yake alishawahi kutoka peke yake akaanguka ngazini, na tangu hapo Mama Keki akitoka alimfungia mzee ndani kwa ufunguo, kwa nje. Shangazi, ambaye nyumba yake namba tano inapakana nao ukuta kwa ukuta, hakulala kwa ajili ya jambo lile. "Na ikitokea?" alimuuliza Mama Keki asubuhi, mchana na jioni, mpaka yule dada akachoka akampa ufunguo wa akiba ili apate amani.

Nilimuuliza shangazi kwa nini asiuweke ufunguo ule nyumbani kwetu, ukutani. Akaniangalia kama ninayeuliza mvua inanyesha kuelekea wapi. "Mimi ndiye wa kwanza kufa hapa. Ufunguo ukikaa kwangu utafungiwa na mimi. Uweke pale ambapo yeyote anaweza kuufikia."

"Na mwizi naye?"

"Mwizi hatafuti ufunguo kwenye misumari."

Siku ya kikao mimi nilikuwa Katibu, kama kawaida, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina ujasiri wa kukataa. Tulikuwa watu kumi na tisa juu ya paa, kwenye viti vya plastiki, kamba za nguo zikiwa zimevutwa pembeni. Mwenyekiti alisimama akarudia masharti aliyoyabandika ubaoni. Simu zote kimya. Atakayechelewa hapigi kura. Mwenye udhuru atume ujumbe kwa Katibu. Mama Keki alifika dakika ya mwisho akihema, aproni bado kiunoni, ametoka kukaanga viazi vya baba yake. Alikuwa ameharakishwa na hilo la kura, kwa sababu alitaka kupiga kura ya kulitetea kabati.

Shangazi hakuja. Alikuwa ameniambia mapema, huku akipiga pasi gauni lake la kikao, "Nitapanda kwenye namba sita. Hizo tano za kwanza sina goti la kuzisikiliza. Mkifika, nibipu."

Hapa lazima niseme habari ya neno dharura, kwa sababu neno hili ndilo lililotaka kuua mtu. Kwetu limechakaa. Mtu hataki kwenda kazini, amepata dharura. Hajaleta kiti ulichomwazima, dharura. Harusini hakuonekana, mazoezini hakuonekana, kikaoni hakuonekana, yote dharura, na ukimkuta jioni yake anakula mahindi kibarazani, wala hashtuki. Ukisikia mtu ana dharura, huulizi kumetokea nini. Unasema pole, unaendelea na yako. Shangazi alikuwa hapendi kabisa. "Dharura ni damu, moshi na maji," alikuwa anasema. "Mengine ni uvivu." Yeye alilitumia neno hilo kama lilivyotumika stooni: nini, wapi, basi. Maneno zaidi ya hayo yanachelewesha watu.

Saa kumi na dakika kumi na mbili, tukiwa kwenye ajenda ya tano, simu yangu ilitikisika mapajani. Nilikuwa naandika. Ikatikisika tena, ikanyamaza. Kisha ujumbe. Nilisoma kwa jicho moja: "Dharura namba sita."

Nilijua maana yake papo hapo, au nilidhani najua. Amekasirika, hatapanda. Anajitoa kwenye ajenda ya sita. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, shangazi ametuma. Dharura, namba sita."

Namna nilivyosema! Ninaisikia mpaka leo sauti yangu, sauti ya karani anayesoma jina la mtoto asiye na sare.

Mwenyekiti alitabasamu. "Kumbe hata Bi Ikitokea hutokewa! Basi Katibu, andika ametoa udhuru." Kicheko kikapita paa zima. "Na kwa kuwa mwenye kabati hayupo, tuivute ajenda ya sita mbele tuimalize. Kuna anayepinga?"

Mama Keki alinyoosha mkono, akasema kabati lina faida yake, lakini alisema kwa sauti ndogo na Mwenyekiti akamjibu kuhusu wezi na funguo. Dereva wa namba mbili akanusa hewa. "Kuna mtu anaunguza viazi huko chini," akasema. Mama Keki akacheka, akasema, "Si mimi, mimi nimezima." Na sisi tukacheka naye. Saa kumi na dakika kumi na nne niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: Ajenda ya sita imepita. Kabati liondolewe.

Mambo ya huko chini niliyapata baadaye, kwa shangazi na kwa Fundi Saa mwenyewe.

Mama Keki hakuwa amezima. Alizungusha kitufe cha jiko akiwa na haraka, akadhani amekifikisha mwisho, kumbe alikuwa amekiacha kwenye moto mdogo. Mafuta yakashika moto, moto ukashika pazia. Fundi Saa alijaribu kwenda jikoni na mkongojo wake, akaanguka sebuleni. Akaanza kuupiga ukuta kwa mguu wa mkongojo. Ni mtu wa saa. Alipopiga mara ya kwanza alitazama mkono wake. Saa kumi na dakika kumi na moja.

Shangazi alisikia. Alitoka, akaona moshi unatambaa chini ya mlango wa namba sita, akasukuma mlango, umefungwa. Alinipigia. Sikupokea. Akaandika maneno yale matatu, na hakuwa na wasiwasi wowote, aliniambia, kwa sababu juu ya paa kulikuwa na watu kumi na tisa wenye miguu mizima. Akajua atakaporudi na ufunguo atatukuta mlangoni. Akashuka ngazi kwa magoti yake yale mabovu, sakafu mbili, mpaka kwenye kabati.

Kabati lilikuwa na kufuli.

Kufuli jipya, la shaba, linang'aa. Mwenyekiti alilifunga saa tisa, akiwa njiani kupanda kikaoni. Nataka hilo lieleweke vizuri. Kura haijapigwa. Ajenda haijafunguliwa. Mtu ametoboa tundu mbili kwenye ubao wenye maandishi KABATI LA DHARURA HALIFUNGWI, akapitisha pete, akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akaja juu kutuuliza maoni yetu. Nyuma ya kufuli kulikuwa na ufunguo wa mzee, na mtungi wa moto, na shoka la kuvunjia kufuli.

Shangazi alisubiri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alisimama pale akisikiliza ngazi, akingoja miguu yetu ikishuka, kwa sababu alikuwa ametoa taarifa. Alipiga kelele. Watu wote wa jengo walikuwa juu ya paa, na wasiokuwa juu walikuwa wametoka. Alipoona hakuna anayekuja, alikiangusha chungu cha maua cha Mwenyekiti kwa bega, kikapasuka, akaokota kipande kikubwa cha saruji, akagonga kufuli mpaka pete zikang'oka. Mwanamke wa miaka sabini na moja. Kisha akachukua kopo, akatia ufunguo mdomoni, mtungi wa moto mkono mmoja, blanketi begani, akapanda sakafu mbili alizozishuka.

Mlangoni pa namba sita hapakuwa na mtu.

Alifungua. Alipiga magoti, akatambaa akiwa amefumba macho, kama alivyokuwa akinitambaza mimi, mpaka akamgusa Fundi Saa. Akamviringisha juu ya blanketi, akamburuta hadi ngazini, kama wahudumu wa wodi wanavyofundishwa kumhamisha mgonjwa mzito. Mzee akakohoa, akatazama saa yake. Saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Shangazi angeweza kukaa pale. Mzee ameshatoka. Lakini akili yake ya stoo ilihesabu: mtungi wa gesi uko jikoni, ngazi ni moja, na juu ya paa kuna watu kumi na tisa. Akarudi ndani. Akazima swichi kubwa. Akapuliza ule mtungi mwekundu kwenye pazia mpaka ukaisha, akafunika sufuria kwa sinia, kisha akashika kichwa cha mtungi wa gesi kwa mikono yote miwili, akakizungusha kukifunga. Chuma kile kilikuwa kimepata moto. Hakukiachia mpaka kilipofika mwisho.

Sisi tulishuka kikao kilipoahirishwa. Tulishuka tukiongea. Dereva alikuwa mbele, akasimama ghafla, tukagongana nyuma yake. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso mweusi kwa masizi, kichwa cha Fundi Saa kwenye mapaja yake, na mikono yake ameinyanyua hewani kama mtu anayengoja kumwagiwa maji anawe. Ngozi ya viganja ilikuwa imetoka. Mama Keki alipiga yowe akamwangukia baba yake.

Shangazi alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata.

"Nilikutumia ujumbe," akasema.

Hakunilaumu. Aliniuliza kama mtunza stoo anayeuliza karatasi imepotelea wapi.

Alilazwa siku tisa. Fundi Saa alilazwa siku nne, kifua. Mwenyekiti alikuja kuwaona wote wawili, na mfuko wa machungwa, akasema Mungu mkubwa, akatikisa kichwa, na nadhani alikuwa anasema kweli. Kisha, siku ya tatu, akaniita nyumbani kwake, akanikaribisha chai, akanitaka niandike barua kwa niaba ya kamati.

"Barua ya shukrani?" nikauliza.

"Hiyo ipo. Lakini kwanza ya onyo." Alikuwa haniangalii. "Dada, kitendo chake ni cha kishujaa, hakuna anayebisha. Lakini kufuli limevunjwa, na chungu. Ni mali ya jengo. Tukinyamaza, kesho kila mtu atavunja. Na azimio la kabati linabaki pale pale, maana lilipita bila kupingwa. Umeandika mwenyewe."

"Mama Keki alipinga."

"Alichangia. Hakupinga."

Niliweka kikombe chini. Nilitaka kusema maneno makubwa, na yote yaliyonijia yalikuwa matusi. Nikamwambia chai yake haina sukari, nikaondoka. Ilikuwa na sukari tele. Barua aliiandika mwenyewe kwa mkono akaibandika ubaoni, na chini yake tangazo la kikao kingine cha kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita.

Usiku ule wala usiku uliofuata sikuufungua muhtasari. Niliufungua Jumamosi ya wiki iliyofuata, ambayo ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Shangazi alikuwa amerudi, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye vifundo, amekaa kwenye kiti anasimamia ukaguzi kwa mdomo. Nilimwaga maji. Nilipaka povu. Niliandika tarehe kwenye makopo kwa mwandiko wangu, maana wake ulikuwa haupo tena. Daktari alisema vidole vya mkono wa kulia havitakunjika vizuri kamwe. Nilipomaliza nikafumba macho mwenyewe bila kuambiwa, nikaenda kwenye swichi kubwa, nikaenda mlangoni. Hakuhesabu sekunde. Nilipofumbua macho nilimkuta analia, na mimi nikalia, na ndipo nilipochukua daftari la Katibu.

Kikao kilijaa kuliko kile cha kwanza. Safari hii kilifanyika pale chini, kwenye vigae vyeupe, kwa sababu Fundi Saa alisema anataka kuhudhuria na hakuna aliyethubutu kumwambia apande. Shangazi alikaa pembeni yake, mikono yake miwili myeupe mapajani. Kabati lilikuwa nyuma yao, mlango unaning'inia.

"Ajenda ya kwanza," Mwenyekiti alisema. "Kuthibitisha muhtasari. Katibu asome, kama hakuna marekebisho tuendelee."

Nikasimama. "Yapo."

"Marekebisho yanatolewa na wajumbe. Katibu anasoma tu."

"Basi nasoma," nikasema, na nikasoma. "Waliotoa udhuru: hakuna. Jina lililoandikwa hapo limefutwa. Ujumbe uliopokelewa na Katibu saa kumi na dakika kumi na mbili haukuwa udhuru. Ulikuwa taarifa ya moto katika nyumba namba sita."

"Dada, hayo yanaeleweka, tusirudi..."

"Mwache asome," Fundi Saa alisema. Hakupandisha sauti, kifua kilikuwa hakimruhusu. Alivua saa yake ya mkono akaiweka juu ya goti. "Kutoka nilipogonga ukuta hadi nilipofikishwa ngazini ni dakika kumi na moja. Bi mkubwa alishuka, akapanda, akaniburuta nje kwa dakika saba. Nne zilizobaki ni za kufuli. Nimetengeneza saa miaka hamsini, mwanangu, lakini dakika nne kama zile sijawahi kuzishika. Mwache asome."

Mwenyekiti alikaa. Alitazama vigae vyake.

"Ajenda ya sita," nikaendelea, "ilijadiliwa na kuamuliwa saa kumi na dakika kumi na nne, wakati nyumba namba sita inaungua na mkazi wake yuko ndani amefungiwa. Wakati huo kabati lilikuwa limeshafungwa kwa kufuli kabla ya kura." Nikageuza ukurasa. "Waliohudhuria."

Chini ya neno hilo, kwenye kikao cha kwanza, nilikuwa nimeandika majina kumi na tisa. Sasa yote nilikuwa nimeyafuta, na mahali pake nimeandika moja. Nikamsoma shangazi, namba tano.

Watu wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akauliza, "Na sisi je?"

Muhtasari una vichwa vyake, kila karani anavijua: waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiohudhuria bila taarifa. Nilikuwa nimekaa na daftari mpaka kope zikawa nzito, nikitafuta sisi tuko chini ya kichwa gani. Kwenye moto hatukuhudhuria. Udhuru hatukutoa. Na taarifa tulipewa. Kwa hiyo ilinibidi niongeze kichwa cha nne, na nikakisoma pale kwa sauti ya kusikika mpaka sakafu ya juu.

"Waliopewa taarifa wakacheka. Namba moja: Katibu."

Nikanyanyua macho. Mwenyekiti alikuwa ameinama, mkono umo mfukoni, funguo zinalia. Mama Keki alikuwa amesimama, aproni kiunoni, machozi yanamtoka.

"Niandike na mimi," akasema. "Namba mbili."